Mwaliko wa Nusu

Nimepata kukisikia kisa cha timu ya mpira ya Chuo Kikuu cha San Francisco, huko Marekani, kikisimuliwa kwa namna mbili, na zote mbili huniudhi. Msimulizi wa kwanza hucheka. Husema kwamba mwaka 1951 vijana wale walishinda michezo yao yote, wakawekewa mbele yao karamu kubwa ya mwaka, wakaikataa kwa ajili ya wenzao wawili, kisha timu yao ikafa. Basi huwatupia methali yetu, mkataa pema pabaya panamwita. Msimulizi wa pili hulia. Husema kisa hiki ni kitamu kama asali, maana chaonyesha uzuri wa urafiki. Na akisha kufuta machozi huenda zake kulala, bila ya kumwuliza mtu yeyote swali lolote. Mimi nasema wa kwanza amekosea hesabu, na wa pili amemsahau mkosaji. Nataka kugombana nao wote wawili, na wewe msomaji uwe kadhi.

Lakini kwanza tuujue mchezo wenyewe. Mpira wa Kimarekani si kandanda yetu. Ni jamaa ya raga ichezwayo katika baadhi ya shule zetu. Kila upande una watu 11. Mpira una umbo la yai, hushikwa kwa mikono, na huweza kukimbizwa au kurushwa mbele. Wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea yadi 10, yaani kadiri ya mita 9, na wakishindwa huwapa wapinzani. Anayeufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho huipatia timu yake pointi 6. Wachezaji huvaa kofia ngumu na vikinga vya mabega, kwa kuwa hugongana kama mafahali. Katika vyuo vikuu vya nchi ile mchezo huu si burudani ya jioni tu. Hujaza viwanja, huleta fedha, na mara nyingine jina la chuo hujulikana kwa wakimbiaji wake kabla ya kujulikana kwa wanazuoni wake. Kama jambo hilo ni la kusifiwa ama la kulaumiwa, nitaliacha kwa siku nyingine.

Kuna desturi moja ambayo lazima tuishike barabara, maana bila ya hiyo kisa hakieleweki. Zamani hizo hapakuwa na ngazi ya kupanda mchezo kwa mchezo mpaka fainali. Msimu wa vyuo ulikwisha mwezi wa Novemba au Desemba, kisha siku ya Mwaka Mpya ikachezwa michezo michache mashuhuri iitwayo mabakuli, kwa sababu viwanja vya kwanza vya namna hiyo vilikuwa na umbo la bakuli. Mmoja ulichezwa Pasadena, mwingine New Orleans, mwingine Dallas. Na mmoja, Orange Bowl, yaani Bakuli la Machungwa, ulichezwa Miami katika jimbo la Florida. Mingi ya michezo hiyo iliendeshwa na kamati za wenyeji wa miji ile. Wazee wa kamati walikaa, wakazitazama timu zilizofanya vizuri, wakachagua, wakaita. Neno la kushika ni hilo la kuita. Hapakuwa na sheria ya mchezo iliyowalazimisha kumwita huyu na kumwacha yule. Walilolifanya walilifanya kwa hiari yao.

Chuo Kikuu cha San Francisco ni cha mapadre Wajesuti, nacho kilianzishwa mwaka 1855. Katika mpira hakikuwa na jina kubwa wala kisima cha fedha. Timu yake iliitwa Dons, na mwalimu wake alikuwa Joe Kuharich, mtu mkali aliyewapeleka vijana wake kufanya mazoezi katika mji mdogo wa Corning, kaskazini mwa California, penye joto la kumkausha mtu mate. Aliyeandika habari za timu kwa magazeti alikuwa kijana aitwaye Pete Rozelle. Nakuomba ulikumbuke jina hilo.

Na wachezaji! Alikuwapo Gino Marchetti, mtoto wa wahamiaji wa Kitaliano, ambaye kabla ya kuingia chuoni alikwisha kuwa askari huko Ulaya katika vita vya kumwondoa Hitler. Alikuwapo Bob St. Clair, pande la mtu, urefu wake ulipita mita 2. Alikuwapo Ed Brown, mrushaji wa mpira. Na walikuwapo vijana wawili weusi. Mmoja ni Ollie Matson, mkimbiaji aliyekuwa na uzito wa dume na mbio za swala, mambo mawili ambayo Mungu aghalabu hayaweki katika mwili mmoja. Wa pili ni Burl Toler, mlinzi ambaye wenzake wengi walimhesabu kuwa mchezaji bora kupita wote, hata kumpita Matson. Wawili hawa walikuwa wamecheza pamoja tangu mwaka 1948 katika chuo kidogo cha mji ule ule, kisha wakahamia pamoja kwa mapadre.

Msimu wa 1951 ulianza kwa kuipiga timu ya San Jose State pointi 39 kwa 2. Idaho wakafungwa 28 kwa 7. Wakaja askari wa kambi ya Pendleton, nao wakaenda zao vichwa chini. Mwezi wa Oktoba timu ilivuka nchi nzima kwenda New York kupambana na Fordham. Safari hii ilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa waandishi wakubwa wa habari za michezo walikaa huko, na kisichoonwa na waandishi wa New York kilikuwa kama hakikutendeka. Fordham hawakuwa nyama laini. Mchezo ulikwenda huku na huku mpaka mwisho, San Francisco wakashinda 32 kwa 26, na mara mbili Matson aliupokea mpira wa kuanzisha karibu na mstari wa kwao, akapita katikati ya watu 11 waliokuwa wakimwinda, akaufikisha ng'ambo. Mara moja yaweza kuwa bahati. Mara mbili katika mchezo mmoja ni habari nyingine.

Waliporudi kwao waliendelea kushinda. Tarehe 17 Novemba walikwenda Stockton kucheza na College of the Pacific, timu iliyokuwa ikitazamwa na wenye mabakuli, na ilisemekana kwamba atakayeshinda pale ndiye atakayeitwa. San Francisco wakashinda 47 kwa 14. Juma lililofuata wakaishinda Loyola 20 kwa 2, katika uwanja mkubwa wa Rose Bowl huko Pasadena. Michezo 9, ushindi mara 9. Matson peke yake alikuwa amekimbia na mpira yadi 1,566 na kuufikisha ng'ambo mara 21, na katika Marekani nzima mwaka ule hapakuwa na mkimbiaji wa chuo aliyepata yadi nyingi kumpita.

Ndipo ukaja mwaliko, kama kweli yastahili jina hilo. Habari iliyowafikia wachezaji ilikuwa fupi: njia ya kwenda Orange Bowl ingefunguka kama Matson na Toler wangebaki nyumbani.

Wachezaji walikataa. Katika masimulizi yao ya uzeeni waliweza kutofautiana kuhusu siku au mahali walipoambiwa, lakini walikubaliana juu ya jambo moja: hapakuwa na mabishano. Hakuna aliyesimama akasema, "Tuketi tufikiri." Chuo kilihitaji sana fedha ambazo mchezo ule ungeleta, na kila mmoja alijua. Vijana wale walikuwa na miaka 20 na kitu. Wengi wao hawakutazamia kupata nafasi nyingine ya kuonwa na nchi nzima siku ya Mwaka Mpya. Wakasema hapana, wakaenda zao nyumbani.

Sasa nimgeukie msimulizi wangu wa kwanza, yule mwenye kucheka. Hoja yake ya kwanza ni ya hesabu. Ati timu ina watu wengi. Wakiachwa wawili wakaenda wengine wote, faida ni kubwa na hasara ni ndogo. Hesabu hii ni ya muuza maembe. Kwa muuza maembe, mawili mabovu yakitolewa kapuni, mengine huuzwa vizuri zaidi. Lakini Matson na Toler hawakuwa mabovu. Walikuwa ndio tamu ya kapu! Timu iliyoshinda michezo 9 ilikuwa timu yenye Matson na Toler. Kama wangeachwa, ambayo ingesafiri kwenda Miami isingekuwa timu ile, ingekuwa kundi la vijana wengine waliovaa jezi zake. Kwa hiyo hata mtu asiyejali utu, anayejali mpira tu, angepaswa kuona kwamba kamati ilikuwa ikiomba kitu ambacho hakikuwapo.

Hoja yake ya pili ni ya desturi. Husema kwamba kila nchi ina mila zake, na mgeni huzifuata. Ukifika nchi ya wenye chongo, fumba jicho lako. Naikubali methali hiyo. Lakini itazame vizuri: yakuambia ufumbe jicho lako mwenyewe. Haikuambii umtoboe mwenzako lake. Lau wenyeji wa Miami wangewataka wageni wale machungwa asubuhi na jioni, au wavae kofia za majani, au wasali kabla ya kucheza, mgeni mwenye adabu angefanya hivyo bila ya kunung'unika. Sisi tunajua maana ya kukaribisha. Twasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Basi fikiri jirani yako ana harusi, naye anatuma mjumbe kwa baba yako kusema, "Karibuni wote, bwana, ila yule mwanao wa pili na yule wa tano wabaki, sura zao hazitupendezi." Je, baba yako atauliza pilau itapikwa kwa nyama gani? Mjumbe huyo atakuwa na bahati akirudi na kofia yake kichwani.

Tena, desturi ya nani? Watu husema "desturi ya Kusini" kana kwamba Kusini ni mali ya watu wa rangi moja. Ollie Matson alizaliwa Trinity, katika jimbo la Texas. Burl Toler alizaliwa Memphis, katika Tennessee. Wote wawili walikuwa watoto wa Kusini kwa kuzaliwa, kuliko wengi wa wenzao weupe wa California. Na katika Miami yenyewe watu weusi walikuwa maelfu. Walifagia hoteli, walipika chakula cha watalii, walichukua mizigo ya wageni. Mtu mweusi kubeba sanduku la mgeni siku ya Mwaka Mpya lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Kuubeba mpira mbele ya macho ya mgeni yule yule ndiko kulikoitwa kuvunja desturi.

Yuko mtetezi mwingine, mwerevu zaidi, ambaye hataji rangi hata kidogo. Huyu husema ratiba ya San Francisco ilikuwa nyepesi. Nami sipendi kumdanganya msomaji: hoja hii ina ukweli ndani yake. Stanford na California, majirani wakubwa, hawakuwamo katika ratiba ya mwaka ule. San Jose State walichezewa mara mbili. Michezo miwili ilikuwa dhidi ya timu za wanajeshi. Waandishi wa habari waliiweka San Francisco mahali pa 14 tu katika orodha yao ya mwisho. Yote hayo ni kweli, na mtu angeweza kwa haki kabisa kusema, "Timu hii haistahili, tutaita nyingine." Lakini namwuliza mtetezi swali moja dogo: ratiba nyepesi hugeuka kuwa nzito Matson na Toler wakibaki nyumbani? Kama timu haikufaa, haikufaa pamoja nao na bila ya wao. Na kama ilifaa bila ya wao, basi tusizungushane, kilichokataliwa si ratiba.

Husemwa pia kwamba siasa zisiingizwe katika michezo. Maneno haya utayasikia mara nyingi katika maisha yako, na kila mara utazame ni nani aliyetangulia kuziingiza. Vijana wa San Francisco hawakwenda Miami na mabango. Walikuwa wakicheza mpira wao, weusi na weupe katika mstari mmoja, mpaka watu wazima wenye tai shingoni walipokuja kuwatenga. Mwaka 1976 wanariadha wa Kenya walirudishwa nyumbani kutoka Montreal, pamoja na wa nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, na hao New Zealand walikuwamo katika Olimpiki. Mike Boit, aliyekuwa amepata medali ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, hakukimbia. Hata yeye na wenzake waliambiwa kwamba siasa zimeharibu michezo. Siasa zilikuwa zimekwisha kuharibu michezo siku ile Mwafrika wa Johannesburg alipokatazwa kuichezea nchi yake.

Wala msomaji asidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya Marekani peke yake. Mwaka huo huo wa 1951, katika koloni la Kenya, mtoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walisoma katika shule mbalimbali, kila mmoja na yake, na bora kupita zote haikuwa ya Mwafrika. Babu zetu hawakuhitaji kuelezwa maana ya mwaliko wa nusu.

Basi nimemaliza na mwenye kucheka. Namgeukia mwenye kulia, na huyu ni mgumu zaidi, kwa kuwa anaonekana kuwa upande wetu. Kosa lake ni kwamba amekifanya kisa kizima kuwa sifa za walioumizwa. Amewapamba vijana maua mpaka aliyewaumiza amepotea nyuma ya maua. Mimi pia nawasifu. Lakini nauliza, kwa nini mzigo ule uliwekwa juu ya mabega ya wanafunzi? Walikuwapo wakubwa wa kamati. Walikuwapo wakubwa wa vyuo vingine. Yeyote kati yao angeweza kusema neno moja, na neno lake lingekuwa na nguvu kuliko la kijana asiye na cheo. Siku ya tarehe 1 Januari 1952 Orange Bowl ilichezwa kama kawaida. Georgia Tech waliishinda Baylor 17 kwa 14, timu mbili za watu weupe watupu, bendi zikapiga, machungwa yakaliwa.

Msimu ule ule ulikuwa umetoa onyo la wazi, tena lenye picha. Tarehe 20 Oktoba 1951, timu ya Chuo Kikuu cha Drake ilikwenda kucheza Stillwater, katika Oklahoma. Nyota wake alikuwa Johnny Bright, mtu mweusi. Katika dakika za mwanzo za mchezo mlinzi wa upande wa pili alimpiga usoni tena na tena, na Bright hakuwa na mpira mkononi. Taya lake likavunjika. Wapiga picha wawili wa gazeti la Des Moines walikuwa wameyanasa yote, na picha zao zikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1952. Hapana aliyeweza kusema hakuona. Hata hivyo aliyempiga hakuadhibiwa, na Drake wakajitoa katika umoja wa vyuo waliokuwamo. Chuo kilichokuwa mwenyeji wa mchezo ule kilitoa samahani yake mwaka 2005. Johnny Bright alikuwa amefariki mwaka 1983. Samahani hiyo ilichelewa miaka 54, na ilimpita kaburini miaka 22.

Wenye kulia hupenda sana samahani za namna hii. Mimi sizipendi. Huja wakati ambapo hazimgharimu mtu kitu. Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha New York kilikubali kumwacha nyumbani mchezaji wake mweusi, Leonard Bates, kilipokwenda kucheza Missouri. Wanafunzi wakaandamana wakidai Bates acheze. Wanafunzi 7 waliokuwa mbele wakasimamishwa masomo mwaka 1941. Chuo kiliwaheshimu watu hao hao mwaka 2001, kwa karamu nzuri, wakiwa wazee wa mvi. Kwa hiyo mwenye kusema, "Zamani watu hawakujua," amwendee mmoja wa hao 7 katika vitabu vya chuo chake. Walijua. Waliadhibiwa kwa sababu ya kujua.

Wala haisaidii kusema kwamba wakati ule lisingewezekana jingine. Miaka 4 tu baada ya mchezo ule wa Miami, Georgia Tech hao hao waliitwa New Orleans kucheza na Pittsburgh, waliokuwa na mchezaji mweusi, Bobby Grier. Gavana wa Georgia, Marvin Griffin, akataka kuizuia timu isiende. Wanafunzi wa Georgia Tech, weupe, watoto wa Kusini hasa, wakatoka barabarani kumpinga gavana wao. Tarehe 2 Januari 1956 mchezo ukachezwa, Grier akiwa uwanjani. Georgia Tech wakashinda 7 kwa 0. Mbingu hazikuanguka, na kwa ajabu ya wengi, hata machungwa ya Florida hayakuoza.

Turudi San Francisco. Mwenye kucheka alisema kweli katika jambo moja, nami silifichi: timu ilikufa. Bila ya fedha za bakuli, na madeni yakiwa mengi, chuo kiliuacha mpira baada ya msimu ule. Timu iliyoshinda yote ilikuwa ndiyo timu iliyovunjwa. Gharama ilikuwa ya kweli, wala si haki kuipaka sukari. Lakini angalia nani aliilipa. Haikulipwa na kamati ya Miami, ambayo ilipata mchezo wake na mapato yake. Walilipa wachezaji, na kati yao walilipa pia Matson na Toler, ambao hawakuwa wamekataa kitu: wao walikataliwa. Wanaposifiwa wenzao kwa kukaa nao, na iwe hivyo. Lakini sijaona haki katika masimulizi ambayo mtu mweupe ni shujaa wa kisa na mtu mweusi ni sababu yake tu.

Kwa sababu hiyo nitamalizia kwa habari za hao wawili. Msimu wa 1951 ulitoa watu watatu waliowekwa baadaye katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo huko Canton: Marchetti, St. Clair na Matson. Matson alikwenda kwanza Helsinki, kwenye Olimpiki ya 1952, akapata medali ya shaba katika mita 400 na ya fedha katika mbio za kupokezana. Kisha akacheza mpira wa kulipwa miaka mingi. Na mwaka 1959 timu ya Los Angeles ilimchukua kwa kutoa badala yake haki za watu 9. Kiongozi wa Los Angeles aliyefanya biashara hiyo alikuwa Pete Rozelle, yule mwandishi kijana wa chuo, ambaye mwaka uliofuata alifanywa mkuu wa ligi nzima.

Toler hakuwa na bahati hiyo. Timu ya Cleveland ilikuwa imemchagua, lakini goti lake liliumia vibaya katika mchezo wa mwaka 1952 na hakupata kucheza mpira wa kulipwa hata siku moja. Akarudi San Francisco akawa mwalimu, kisha akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa shule ya sekondari katika mji ule. Mwaka 1965, huku akiendelea na kazi ya shule, alivaa fulana yenye mistari myeusi na myeupe akawa mwamuzi katika ligi ya mpira wa kulipwa. Hapakuwa na mwamuzi mweusi aliyemtangulia. Chuo chake kiliwapa wachezaji wa 1951 waliokuwa bado hai shahada za heshima mwaka 2006. Umekwisha kujua maoni yangu juu ya heshima za namna hiyo, ingawa nakiri kwamba hii nisingependa ikose kutolewa. Toler alifariki mwaka 2009, na Matson mwaka 2011.

Tarehe 20 Januari 1980 ilichezwa fainali kuu ya mpira wa Marekani, Pittsburgh na Los Angeles, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Mmoja wa waamuzi alikuwa mkuu wa shule kutoka San Francisco, mwenye umri wa miaka 51 na goti bovu, mtu mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo katika fainali ile. Mchezo ulikuwa Pasadena, katika Rose Bowl, uwanja ule ule ambamo Burl Toler alikuwa ameichezea San Francisco siku walipoishinda Loyola 20 kwa 2, wakarudi nyumbani kungoja barua ya Miami.